Kabla Uuziwe Reki, Cheki Hewa

Simama kwa daraja la Roysambu jioni ucheki tu venye vigari vinapita huko chini Thika Road. Vitz, Passo, March, Demio, Fit, Alto. Hizo ndizo ndai za rika letu. Kuna dere wa teksi ya simu ameamka mangware na bado anasaka abiria wa mwisho. Kuna dem amepata wera ya kwanza akachukua mkopo wa Sacco. Kuna maboyz watatu wamechanga doh wakabuy moja ya kusambaza mayai mtaani. Ndai ni ndogo lakini inabeba mengi: renti ya keja, karo ya mtoi, na heshima ya msee kwa mtaa.

Sasa siku moja hiyo ndai inaanza kugoma kwa kona. Unajaribu kuingia parking ya tao, unapinda, mabega yanawaka. Unafika base unashow wasee, na kabla umalize kubonga kuna mmoja ashasema, "Hiyo ni reki. Reki imededi." Ukienda gereji, fundi anashika usukani mara moja, anatikisa kichwa, anarudia neno lile lile. Reki ni ile chuma ya meno imelala chini ya ndai kati ya tairi mbili za mbele, inachukua mzunguko wa usukani na kuufanya mwendo wa kushoto na kulia. Ni spea ya bei, kuitoa kunataka msee alale chini ya gari masaa mingi, na ukishakubali ibadilishwe hakuna mtu atakuuliza kama ile ya zamani kweli ilikuwa mbovu.

Mimi nasema hivi, na niko radhi kubishana na yeyote kwa gereji yoyote: stelingi nzito inachekiwa ukianza na kitu ya bure, unapanda pole pole mpaka kitu ya bei. Reki ni mlango wa mwisho. Kati ya hapo na hapo kuna vitu mingi ndogo, na mingi unaweza kuzicheki mwenyewe bila kushika spana.

Kwanza jiulize ni nzito aje. Kuna uzito wa kuingia pole pole, wiki baada ya wiki, mpaka siku umepewa ndai ya beshte ya aina hiyo hiyo ndio unashtuka. Huo mara mingi ni hewa, ama grisi imekauka mahali. Kuna uzito wa ghafla: jana ulipaki ikiwa fiti, leo umewasha usukani ni jiwe na kwa dashibodi kuna taa ya njano. Hiyo ni stima. Kuna ule wa kuja na kutoroka, mchana uko poa, usiku ukiwasha taa, wipa na redio unarudi. Hiyo pia ni stima. Kuna ule wa kushika mahali pamoja pamoja, unapinda unasikia nyepesi, nzito, nyepesi, nzito. Hapo kuna jointi ya mhimili wa usukani imeshika kutu. Na kuna ule ambao kupinda sio noma sana, lakini ukitoka kwa kona usukani haurudi wenyewe, mpaka uurudishe na mkono. Huo ndio naogopa kuliko zote, juu inamaanisha kuna mahali chuma inakwama, na chuma ikikwama haitoi taa kwa dashibodi.

Andika kwa simu: ilianza lini, ni nzito ukiwa umesimama tu ama hata ukitembea, inaleta sauti gani, ilianza baada ya nini. Baada ya mvua? Baada ya kubadilisha tairi? Baada ya fundi kugusa kitu? Fundi mwenye akili atakupenda kwa hiyo. Na yule alikuwa ashakuandalia bili ya reki ataona uko rada, ataanza kuongea taratibu.

Tuanze na hewa. Fungua mlango wa dere, cheki stika imebandikwa kwa chuma ya pembeni. Ndai ya Japan huandikwa kwa kPa: 220 ni kama 32 kwa ile psi tumezoea hapa, 230 ni kama 33. Hiyo ndio namba yako. Usifuate ile imeandikwa kwa ubavu wa tairi, ile ni mwisho wa tairi yenyewe kuvumilia, haijui iko kwa ndai gani. Pima asubuhi kabla utoke, juu tairi ikishatembea inapata moto na presha inapanda, inakudanganya.

Tairi laini inalala. Pale inagusa lami panapanuka, na ukipinda ukiwa umesimama unasugua mpira mwingi zaidi kwa barabara. Kwa hesabu ya mainjinia, ukishuka kutoka 32 mpaka 20, nguvu ya kugeuza tairi ndai ikiwa imesimama inapanda kwa karibu robo. Robo nzima, na hakuna kitu imevunjika. Na 20 kwa tairi ya siku hizi haionekani kwa macho, ubavu wake ni ngumu, inasimama tu kama iko fiti. Ndio maana kupima na teke haisaidii. Buy geji yako ndogo ukae nayo kwa dashibodi, kwa sababu zile za petroli steshoni zimeangushwa chini mara mingi na kila moja iko na ukweli wake. Hewa yenyewe kwa steshoni nyingi ni bure.

Sasa tubonge luku. Tumekua tukicheki nganya, kwa hivyo ndai kukaa hivi hivi venye ilitoka Japan tunaona kama haijavaa. Nakubali. Ndai nzuri inafaa ipendeze. Lakini luku iko na uzito, na uzito wenyewe unakuja kwa mikono. Vitz mingi za 2005 mpaka 2010 zilitoka kiwandani na tairi za 165 kwa rimu ya 14. Msee anaweka 205 kwa rimu ya 16, tena rimu imetokeza nje ya fenda, halafu anashangaa stelingi imebadilika. Umeongeza upana wa mpira karibu robo, na kwa kusukuma tairi nje umeisogeza mbali na ile laini inazungukia. Sasa tairi haizunguki tu, inajikokota kwa duara, na kila shimo ikiingia inavuta usukani. Mota ndogo ya stelingi inabeba mzigo ambao haikuundiwa. Ukitaka kuvalisha Vitz bila kuiumiza, tafuta saizi ambayo kiwanda chenyewe kiliwahi kuweka kwa ndai hiyo. Ile Vitz ya RS ilikuja na rimu ya 15 na tairi ya 185, na inakaa fiti kabisa.

Halafu kuna ule usukani mdogo wa michezo. Toa wa sentimita 37 uweke wa 32, na nguvu ya mikono inayohitajika inapanda kwa asilimia 16 hivi, juu umefupisha wenzo. Hiyo ingekuwa shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba ukitoa ule usukani wa kiwanda umetoa na puto la hewa la kukinga kifua chako siku ya ajali. Hakuna luku inafikia kifua cha msee. Hapo sina mzaha na sitakuwa nao.

Kama hewa iko sawa na tairi ni za saizi yake, twende kwa stima, na hapa ndio rika letu linafaa kusoma sana, juu ndai zetu sio kama za mabuda wetu. Mwaka 1926 Mmarekani kwa jina Francis Davis alifunga mtambo wa mafuta wa kusaidia usukani kwa gari la Pierce-Arrow. Chrysler wakaanza kuuza kitu kama hiyo kwa umma mwaka 1951. Kwa miaka mingi dunia ikakaa hapo: pampu, belti, mafuta. Halafu mwaka 1988 Suzuki wakaweka mota ya stima kwa kigari chao kidogo, Cervo. Ilianzia kwa gari ndogo kwa sababu injini ndogo haina nguvu ya kuzungusha pampu siku nzima, hata ukienda moja kwa moja. Mota ya stima inaamka ukipinda tu. Leo Vitz, Passo, Fit, March ya boneti duara, Demio kuanzia 2007, zote ziko hivyo. Kwa hivyo fundi akikuambia "tuongeze mafuta ya pawa" kwa ndai kama hizo, mwambie akuonyeshe mkebe wa hayo mafuta uko wapi. Hauko.

Venye inafanya ni hivi. Kwa mhimili wa usukani kuna chuma nyembamba inayojipinda kidogo sana ukikaza mkono. Sensa inasoma huo mpindo, kompyuta inacheki spidi ya ndai, halafu inaambia mota isukume kiasi gani. Ukiwa parking inasukuma sana, ukiwa kwa haiwei inapunguza ndio ndai isiyumbe. Mota hiyo ikiwa imebanwa inaweza kunyonya ampea 40 mpaka 60. Taa mbili kubwa za mbele zikiwaka pamoja zinakula kama ampea 9. Sasa fikiria betri imechoka, NS40 ndogo imekaa miaka, na wewe umebana usukani mpaka mwisho pale parking huku taa na feni zinawaka. Volti zinaanguka, kompyuta inaona hatari, inakata msaada. Usukani unakuwa jiwe. Reki iko chini huko haina habari.

Kwa hivyo kabla ya skana ya kusoma kompyuta, chukua mita ya volti. Injini ikiwa imezimwa usiku kucha, betri yenye afya inasoma kama 12.6. Ikishuka chini ya 12.4 haijashiba. Washa injini: inafaa ipande kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, altaneta haichaji. Halafu mwambie beshte apinde usukani mpaka karibu na mwisho wewe ukicheki mita. Ikianguka vibaya, umepata mwizi wako. Cheki pia vichwa vya betri, ule unga mweupe ama wa kijani unakula stima kimya kimya. Toa hasi kwanza, osha na maji moto na brashi, kausha, funga kabisa. Fuata na waya wa ethi pale unashika bodi, na ile fyuzi kubwa imeandikwa EPS, yaani stelingi ya stima, chini ya boneti. Nimeona stelingi zikirudi kuwa nyepesi kwa kukaza nati moja ya ethi, na hiyo furaha ya kuona msee akirudisha pochi mfukoni ndio inanifanya niandike hii kitu.

Taa ya dashibodi isome vizuri. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha, ile taa ya P/S ama EPS ama ya usukani inafaa iwake, halafu izime injini ikishika. Ikibaki inawaka, kompyuta imeona kosa na imeandika msimbo ndani. Msimbo huo unaanza na herufi C, juu ni wa chasisi, kwa hivyo skana ya bei rahisi inayosoma injini peke yake haitauona. Itakuambia kila kitu ni shwari na itakuwa imekudanganya. Tafuta msee wa skana inayoingia kwa stelingi. Na kama unabuy ndai ya mtu na hiyo taa haiwaki kabisa ukifungua ufunguo, uliza maswali. Inawezekana balbu imetolewa ndio usione.

Kuna kitu nyingine inaogopesha wasee bure. Unapaki mahali pafinyu huko tao, unapinda mwisho kushoto, mwisho kulia, mara tena, mara tena, na usukani unaanza kuwa mzito mikononi mwako. Haijaharibika. Mota imepata moto na kompyuta inapunguza nguvu ndio isiungue. Toyota wenyewe wanaeleza hivyo kwa kitabu cha gari: iache, zima injini, inarudi ndani ya dakika 10 hivi. Kosa liko kwa ile tabia ya kuzungusha usukani ndai ikiwa imesimama kabisa. Iache itambae kidogo tu ukipinda. Tairi zikizunguka, kazi inapungua sana, na mpira haumalizwi na lami.

Na usisahau mafuriko ya 2024. Ile mvua ya Aprili na Mei ilizamisha ndai mingi Nairobi mpaka kwa viti. Kwa vigari hivi, mota na kompyuta ya stelingi ziko chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dere. Maji yakifika hapo leo, kutu inaweza kuja kuongea baada ya miezi. Ukibuy ndai, inua kapeti, nusa, cheki plagi za waya za chini kama ziko na ule ukijani. Ndai iliyoogelea inaweza kuwa safi nje na bado ikuletee ngori ya kuja na kuondoka ambayo hakuna fundi ataiona siku ya kwanza.

Kama ndai yako ni ya kitambo yenye pampu, kama Corolla 110 ya buda, mambo ni mafupi. Cheki mafuta kwa mkebe, cheki belti kama inapiga kelele ukipinda, sikiliza pampu kama inalia. Povu kwa mafuta ni hewa imeingia. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwa kifuniko. Toyota mingi hutaka ATF, Honda wanataka ya kwao. Usiwahi kumwaga mafuta ya breki huko ndani, inakula mpira wa sili na hapo sasa reki itaisha kweli. Na usishike usukani ukiwa umebana mwisho kabisa, pampu inapika mafuta yake yenyewe.

Sasa tumefika kwa chuma. Hapa kuna testi moja ambayo ningetaka kila msee mwenye Vitz aijue. Paki pahali pa usawa, zuia tairi za nyuma na mawe, inua mbele na jeki, na uweke stendi imara chini ya chasisi; jeki peke yake usiiamini na mwili wako. Injini ikiwa imezimwa lakini ufunguo umefungua kufuli ya usukani, pinda kutoka mwisho hadi mwisho. Tairi hazigusi chini, kwa hivyo lami haihusiki. Mota imelala, kwa hivyo stima haihusiki. Kimebaki chuma tu. Ikizunguka laini, bila kukwama, chuma zako ziko poa na ulikuwa unafaa kurudi kwa hewa na stima. Ikiwa ngumu hata hapo, kuna mahali panasugua, na sasa ni kutafuta ni wapi.

Anza juu. Kwa kichwa cha shoki, pale inashika bodi chini ya boneti, kuna beringi ndani ya maunti. Hiyo ndio inaruhusu shoki na springi kuzunguka ukipinda. Maji na vumbi vikiingia inakauka, na springi inaanza kujibana halafu inaruka. Shusha ndai, mwambie mtu apinde pole pole, wewe weka kiganja nje ya springi, vidole mbali na katikati ya koili. Ukisikia imejikusanya halafu imeruka na sauti ya "boing", umeipata. Barabara zetu zinaua hizo maunti haraka kuliko vile watu wanadhani, na fundi wengi wakibadilisha shoki wanarudisha beringi ile ile ya zamani ndio bei ikae chini. Lipa hiyo nyongeza. Kuirudia kesho ni kazi ya kufungua kila kitu upya.

Shuka chini kwa boli jointi. Ile buti yake ya mpira ikipasuka, grisi inatoka na tope la Ruai linaingia. Jointi inakauka, inakaza, na usukani unaacha kurudi baada ya kona. Hiyo ndio ile naogopa, juu boli jointi ikichoka mpaka ichomoke ukiwa kwa mwendo, tairi inalala upande na hakuna usukani tena. Hiyo usingoje mshahara. Tairodi nayo ikiisha inaleta mchezo na kugonga, mara chache sana inaleta uzito, kwa hivyo msee akikuuzia tairodi mbili kama dawa ya stelingi nzito, muulize amefikaje hapo.

Halafu jointi ya mhimili, ile iko chini karibu na pedali. Hii ndio ya nyepesi, nzito, nyepesi, nzito, mara mbili kila mzunguko. Inapenda kuanza baada ya mvua ama baada ya gari kuoshwa injini na mashine. Wengine wanaipiga grisi na inapona kwa muda. Ikiwa kutu imeingia kwa sindano za beringi ndani, ibadilishwe.

Na sasa ile ambayo haisemwi vya kutosha. Reki za vigari hivi huanza kugonga kwa barabara mbovu, ka-ka-ka, na msee anapeleka ziwekwe bushi mpya ama zikazwe. Nyuma ya reki kuna nati inakaza springi inayosukuma chuma ya meno. Fundi anaikaza zaidi ndio kelele iishe. Kelele inaisha kweli, na dere anatoka na stelingi nzito isiyorudi katikati. Kama uzito wako ulianza siku hiyo hiyo ulitoka gereji, rudi hapo kwa heshima lakini kwa uthabiti, mwambie alegeze mpaka usukani urudi wenyewe. Haifai kulipiwa mara ya pili.

Alaimenti inasifiwa kuliko inavyostahili kwa hili. Inaponya ndai inayovuta upande na inaokoa tairi zisiliwe ndani. Uzito inaleta mara chache, labda kama shimo ama ajali imepinda mkono wa mbele. Fanya alaimenti mwisho, ukishabadilisha chuma. Ukifanya kwanza utafanya tena.

Kuna kitu inaniuma na nitaisema. Madem wengi wakipeleka ndai na hii shida wanaambiwa ni mikono yao. Fundi, mikono ya chuma tangu darasa la nane, anapinda mara moja na kusema, "Mbona iko sawa?" Hiyo sio kupima. Vitabu vya gereji vya kiwanda hutumia mizani ya springi: unaishika kwa ukingo wa usukani, unavuta, unasoma. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo inauzwa kila mahali. Chukua ndai yako na ya beshte ya aina hiyo hiyo, pahali pamoja, presha sawa, injini zikiwaka, uvute. Namba ikitofautiana sana hakuna msee atakuambia ni mikono.

Kuna siku itakuwa reki kweli. Buti zimepasuka kitambo, maji yameingia, chuma imeshika kutu na ukipinda ikiwa juu ya stendi unasikia mchanga. Ama ni mhimili wenye mota, na msimbo unataja sensa yenyewe, na waya zimechekiwa zote. Basi twende Kirinyaga Road, ile wasee wa spea bado wanaita Grogan, jina la mkoloni Ewart Grogan lililokataa kutoka midomoni. Beba namba ya chasisi, sio jina la gari tu, juu Vitz mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na spea tofauti. Ukishika reki ya ex-Japan, isukume mwisho hadi mwisho na mkono: iteleze sawasawa bila kukwama. Vuta buti nyuma ucheki chuma; iwe inang'aa, sio na madoa ya kutu. Mhimili wa mota nao uzungushe, cheki plagi zake kama ziko nzima na waya hazijakatwa kisha zikaungwa. Kubaliana juu ya kurudisha kabla doh itoke. Na mhimili ukishafungwa, sensa lazima isetiwe sifuri na skana, tairi zikiwa zimenyooka na mikono iko mbali na usukani. Ikirukwa hiyo hatua, taa itabaki inawaka ama ndai itajivuta upande mmoja yenyewe.

Stelingi ikikuzimia njiani, tulia. Usukani bado umeshikana na tairi kwa chuma, haujakatika, ni msaada tu umeenda. Shika na mikono miwili, punguza mwendo, washa hazadi, toka barabarani. Kwa mwendo mdogo utakuwa mzito sana, kwa hivyo jipe nafasi mapema kabla ya kona. Na kuna tabia ya kuzima injini kwa mteremko ndio uokoe petroli. Pale Mai Mahiu nimeiona na nimeogopa kwa niaba ya wenye wako ndani. Ukizima injini umetoa msaada wa usukani na breki zitabaki na pumzi kidogo tu, na ufunguo ukirudi nyuma kabisa usukani unaweza kujifunga. Hakuna petroli ya bei hiyo.

Kazi ikishaisha usilipe ukiwa umesimama kwa gereji. Ingia na fundi akae kiti cha abiria. Kwanza tembea pole kwa uwanja, pinda mwisho kushoto na kulia ndai ikitambaa, sikiliza. Toka kwa raundabauti na uachilie mikono ilegee kidogo kwa usukani, ucheki kama unarudi katikati wenyewe, kushoto na kulia sawasawa. Tafuta barabara iliyonyooka uone kama inavuta. Washa taa, feni na wipa pamoja halafu upaki mahali pafinyu. Mwambie akupe spea ya zamani uende nayo. Baada ya wiki moja rudi akaze nati zote alizogusa, na upime hewa tena ukiwa hapo hapo.